Matengenezo kinga ya daladala, bodaboda na mitumbwi ya injini Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gereji yangu iko Nyakato, na Jumamosi nashuka mwaloni Kirumba kuangalia injini za mitumbwi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa tena na tena na matajiri wenye Hiace moja, madereva, vijana wa bodaboda na manahodha wanaopeleka mizigo visiwani. Pale gereji huwa najibu nikiwa chini ya gari, kwa haraka. Hapa nimejibu kwa kirefu.

Matengenezo kinga ni nini? Si ndiyo sevisi tu?

Sevisi ni sehemu yake. Matengenezo kinga ni kazi yoyote unayoifanya chombo kikiwa bado kinatembea, ili kisije kikasimama siku usiyoitaka. Kubadilisha oili ni matengenezo kinga. Kupapasa mipira ya rejeta asubuhi injini ikiwa ya baridi nako ni matengenezo kinga, wala hakugharimu hata shilingi. Kuandika kwamba leo umeongeza maji lita moja ni matengenezo kinga vilevile, na kwangu mimi hiyo ndiyo kubwa kuliko zote.

Sababu yake ninayo. Miaka ya nyuma nilikuwa na Coaster iliyokuwa ikipiga ruti ya Mwanza na Magu. Jumatatu moja asubuhi ilizima Kisesa ikiwa imejaa abiria. Tulipoifungua, silinda hedi ilikuwa imepinda na gasketi imeungua. Chanzo kilikuwa ufa kwenye mpira wa chini wa rejeta, pale unapobanwa na klipu. Hapo jicho halifiki, kidole ndicho kinachofika. Nilipomuuliza dereva, hakunificha: wiki nzima alikuwa akiongeza maji kila asubuhi. Alianza na chupa moja, zikawa mbili, na Jumapili akamaliza karibu dumu la lita tano. Hakuniambia kwa sababu hatukuwa na mahali pa kuambiana. Jioni analeta hesabu, tunasalimiana, anakwenda kwake. Gari lilikuwa limesema wiki nzima na hakuna aliyeandika. Mpira ule ni wa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache, na injini ile ilikula hesabu ya miezi.

Tangu siku hiyo, kila gari ninalolihudumia lina daftari lake.

Gari langu linatembea vizuri. Kwa nini nilisimamishe nipoteze hesabu?

Tuchukue mfano wa Hiace inayoleta shilingi 50,000 kwa siku. Ukiisimamisha Jumapili moja kwa mwezi kuanzia saa nane mchana, umekosa labda nusu ya hesabu ya siku ambayo biashara yenyewe ni nyepesi. Fundi amekaa ametulia, spea umenunua juzi baada ya kuzunguka maduka matatu kuulizia bei, na dereva yupo anaeleza gari linavyolia.

Sasa ngoja liharibike lenyewe. Litachagua Jumatatu saa moja asubuhi, maana ndio muda gari linabeba sana, linapanda mlima likiwa limejaa na injini haipumziki. Utalipa la kulivuta. Spea utanunua kwenye duka la kwanza kwa bei watakayokutajia, kwa kuwa uso wako unaonyesha una haraka. Dereva na konda watalala bila kitu. Halafu kuna jambo ambalo matajiri wengi hawalihesabu: kifaa kimoja kikivunjika barabarani huenda na wenzake. Fenibelti ikikatika, kwenye injini nyingi pampu ya maji inasimama, joto linapanda, hedi inapinda. Umeanza na mkanda wa mpira, umeishia kwenye injini.

Oili nibadilishe baada ya kilomita ngapi? Kila fundi ana namba yake.

Namba ya kwanza kuifuata ni ya kitabu cha aliyeitengeneza hiyo injini. Lakini soma kitabu chote, kwa sababu vingi vina ratiba mbili: ya kazi ya kawaida na ya kazi ngumu. Vumbi, kusimama na kuondoka kila mara, mzigo mzito, injini kuunguruma gari likiwa limesimama: hiyo ndiyo wanayoiita kazi ngumu, na hayo ndiyo maisha ya daladala kutoka Igoma hadi mjini. Kwa hiyo fuata ratiba fupi.

Kilomita zenyewe pia zinadanganya. Gari linaweza kukaa stendi ya Nyegezi dakika arobaini injini ikiwaka, likisubiri kujaza. Kilomita hazisogei, oili inachoka. Kwa daladala mimi huandika na saa za kazi za siku, na zikiwa nyingi kuliko kawaida nasogeza tarehe ya oili karibu.

Filta ya oili ibadilishwe pamoja na oili. Kumwaga oili mpya kwenye filta ya zamani ni kuoga ukavaa nguo ileile ya shambani.

Kwa nini gari langu lilikuwa halichemshi Dar es Salaam na hapa linachemsha?

Mara nyingi rejeta imeziba au feni imechoka, na vilima vyetu vimeanika udhaifu ambao barabara tambarare ilikuwa ikiuficha. Lakini kuna sababu nyingine ya kweli kabisa. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwenye joto dogo zaidi: pwani ni nyuzi 100, hapa ni kama nyuzi 96. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo, na mgandamizo unashikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima unaweza kuongeza takribani nyuzi 20 juu ya hapo. Ukichakaa mpira wake, au ukiweka wa gari jingine kwa kuwa umeenea, umeipokonya injini akiba hiyo yote.

Kwa hiyo kabla hujakubali kung'oa hedi, jaribu mfuniko mpya unaolingana na gari lako. Na usiufungue injini ikiwa ya moto hata kama abiria wanapiga kelele. Nimeona mikono na nyuso zilizoungua kwa namna hiyo.

Kwenye breki nianze na nini?

Anza na mguu wako. Asubuhi kabla ya kuondoka, kanyaga breki na ushikilie huku ukihesabu hadi thelathini. Pedali ikizama polepole kuna mahali panavuja, ndani au nje, na gari hilo halitoki. Ikiwa laini kama sifongo kuna hewa. Ikishuka chini sana kabla ya kushika, bitana zimeisha au zinahitaji kukazwa.

Kisha angalia maji ya breki. Hayo watu huyaongeza tu, hawayabadilishi, na ni kosa kubwa katika mji wa milima kama huu. Maji ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani hata kama chupa imefungwa. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Gari lililojaa likiteremka mlima huku dereva amekalia breki muda wote, joto hilo linafikika. Maji yanachemka, yanatoa povu la mvuke, mguu unashuka mpaka chini, breki hakuna. Dakika kumi baadaye breki zimepoa na zinashika tena, na fundi akiangalia hakuti kitu. Ndipo utasikia watu wanasema breki zilikataa kimaajabu. Badilisha maji yote kila baada ya miaka miwili, mapema zaidi kama yamekuwa meusi, na uteremke mlima kwa gia ndogo.

Kwa malori na mabasi ya breki za upepo, fungua kikoki cha chini cha matangi ya upepo kila siku mpaka maji yaishe. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu mwingi. Kompresa inaivuta, inaibana, maji yanabaki chini ya tangi, yanazalisha kutu na kula nafasi ya upepo. Ukiona yanatoka na oili nyingi nyeusi, kompresa yenyewe inaomba kuangaliwa.

Matairi je?

Kipara hakina mjadala: kina cha vijito kikifika milimita 1.6 tairi limekwisha, na kwa mvua zetu mimi sisubiri hata hapo. Wengi wanasahau umri. Ubavuni kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri kabisa huku raba imekauka na kupasuka vinyufa. Soma tarakimu kabla ya kutoa hela.

Na nati. Kila gurudumu likifunguliwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Chuma hujikalia, rangi na kutu zilizokuwa katikati husagika, na nati iliyokazwa vizuri jana leo imelegea. Paka mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Ukiona mstari umekatika, nati imezunguka. Ni jambo la dakika moja.

Nina bodaboda moja tu. Haya yote yananihusu?

Yanakuhusu, na kwako ni mepesi. Cheni ipimwe katikati ikiwa imelegea kiasi kinachotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, kwa nyingi ni milimita 20 hadi 30. Isafishe, ipake oili, hasa siku ya mvua. Cheni inayobana sana hula beringi za sanduku la gia. Inayoning'inia hutoka kwenye meno ukiwa katikati ya lori na mtaro. Ukibadilisha cheni, badilisha na sproketi zote mbili, kwa sababu meno yaliyochongoka yataimaliza cheni mpya upesi. Breki ya nyuma, taa ya nyuma, upepo wa matairi. Hapo umemaliza asubuhi yako.

Injini ya mtumbwi inazima katikati ya maji. Tatizo huwa ni nini?

Anza kutilia shaka mafuta. Petroli ya mwaloni husafiri kwenye madumu, inamiminwa kwenye ndoo, inarudi kwenye madumu, mvua ikinyesha. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tangi yakisubiri wimbi liyatikise. Ndiyo maana injini inawaka vizuri ukiwa ufukweni na kuanza kukohoa ukishaingia kwenye mawimbi. Chuja mafuta kila mara, weka filta yenye kikombe cha kuonea, na kimwage kila asubuhi.

Pili ni uchanganyaji. Kwa injini nyingi za kuchanganya oili na petroli kipimo ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20, lakini hakikisha na kitabu cha injini yako, na injini mpya hutaka oili zaidi siku za mwanzo. Kipimo cha macho hakifai. Oili ikipungua pistoni inakwama. Ikizidi plagi zinaloa na injini inazima. Weka chupa moja yenye alama, na kila anayejaza mafuta aitumie hiyohiyo.

Cha tatu ndicho ninachokikuta zaidi kwetu. Juzi kijana alinijia na injini iliyokuwa na nguvu mkononi lakini majini haisukumi. Nikafungua skrubu ya chini ya gia na kuweka kitambaa cheupe. Badala ya oili safi ya hudhurungi, ikatoka kitu kama chai ya maziwa. Maji yameingia. Tukavua propela, na nyuma yake, kwenye shafti, kulikuwa na pete ngumu ya nyuzi za nyavu, zimejisokota na kuyeyuka hadi kuwa kama plastiki moja. Zilikuwa zimekata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Ziwa letu limejaa nyuzi: za sangara, za dagaa, nyavu zilizopotea zinazoelea. Kila wiki vua propela, toa nyuzi, paka grisi, rudisha. Sili ni kitu kidogo. Gia zilizokaa kwenye maji miezi miwili ni habari nyingine.

Na kila safari tazama ule mrija mdogo nyuma ya injini unaorusha maji. Ukinyamaza, zima injini hapohapo. Gugu maji au mchanga umeziba njia, au mpira wa pampu ya maji umekatika mabawa.

Ziwa ni maji baridi, hayana chumvi. Basi hakuna haja ya kuogopa kutu?

Kutu ipo, ila inakwenda pole kuliko pwani. Kosa ninaloliona ni kwenye vile vipande vya chuma vya kujitoa mhanga, vinavyofungwa kwenye injini na kwenye mabodi ya chuma ili viliwe vyenyewe chombo kipone. Vingi vinavyouzwa ni vya zinki, na zinki ni ya maji ya chumvi. Kwenye maji baridi hujifunika utando na kuacha kufanya kazi. Ukikiangalia kipande utafurahi kwamba hakijaliwa, kumbe kinacholiwa ni gamba la injini yako. Ziwani tumia vya magnesi. Kipande kinachopungua kinafanya kazi. Kikipungua nusu, badilisha.

Boti ya mbao yenyewe ivutwe nchi kavu, ikauke, misumari na viungo vikaguliwe, nyufa zizibwe upya kwa pamba. Ukiona wanaochota maji wameongezwa kutoka mmoja hadi wawili, hilo nalo liandikwe kwenye daftari. Ni sawa na dereva wangu na dumu lake.

Nikifunga injini mbili, nimemaliza wasiwasi?

Umeupunguza, kama umefanya sawasawa. Tuseme injini yako hushindwa safari moja katika kumi. Injini mbili zisizotegemeana zitashindwa zote kwa pamoja safari moja katika mia. Ni hatua kubwa sana.

Lakini angalia neno "zisizotegemeana". Ukizilisha kutoka tangi moja lenye maji chini, zitazima zote ndani ya dakika ileile, na ile hesabu ya moja katika mia haipo tena. Kila injini na tangi lake, filta yake, mrija wake. Ukiweza, jaza mafuta ya moja sehemu nyingine au siku nyingine. Usizifanyie sevisi zote mbili siku moja na fundi mmoja, kwa sababu akisahau kitu atakisahau mara mbili. Na ile ya akiba iwashwe kila wiki. Injini iliyolala mwaka mzima huwezi kuitegemea.

Nitajuaje kama chombo changu kinaaminika zaidi kuliko mwaka jana?

Kwa namba mbili tu kutoka kwenye daftari. Ya kwanza, siku zilizotembea gawanya kwa siku ambazo ulitaka litembee. Ulitaka siku 30, likasimama 4, umepata 26 kwa 30, yaani asilimia 87. Ya pili, siku zilizotembea gawanya kwa mara lilizoharibika. Siku 26, kuharibika mara mbili: siku 13 kwa wastani kati ya tatizo na tatizo. Namba hizo zinasema mambo tofauti. Gari linaloharibika mara moja na kukaa wiki gereji lina shida ya spea au ya fundi. Linaloharibika mara saba na kupona kila mara kwa saa moja lina shida ya matengenezo, na abiria wake wameshalikimbia.

Kuna hesabu nyingine ninayopenda kuwaonyesha matajiri. Chombo kikihitaji vitu vitano vyote vifanye kazi, tuseme betri, mkanda, pampu ya mafuta, mipira ya maji na breki, na kila kimoja ni kizuri kwa asilimia 95, chombo kizima hakina asilimia 95. Unazidisha 0.95 mara tano, unapata kama 77. Vikiwa vitu kumi, unashuka hadi 60. Ndiyo maana gari la "vitu vidogovidogo tu" linalala njiani kuliko unavyotegemea.

Basi si bora nibadilishe kila kitu mapema, kabla hakijachakaa?

Hapana, na hapa hata mafundi wenzangu hubishana nami. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa shirika la ndege la United la Marekani, Nowlan na Heap, walitoa matokeo ya kuchunguza vifaa vya ndege. Ni asilimia kama 11 tu ya vifaa vilivyoonyesha kuchakaa kwa umri kwa namna ambayo kuvibadilisha kwa tarehe kungesaidia. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi mwanzoni, vikiwa vipya au vimetoka kufungwa.

Daladala si ndege, lakini kila fundi mkweli anajua gari lililotoka gereji jana ndilo la kuangaliwa leo. Klipu haikukazwa, gasketi imekaa upande, waya umesahaulika. Kwa hiyo gawanya kazi. Vitu vinavyolika kwa matumizi, kama oili, filta, bitana, mikanda, matairi na mpira wa pampu, vibadilishe kwa ratiba. Vingine, kama alteneta, gia boksi, nozeli, visikilize na kuvipima. Betri iliyopumzika ikionyesha volti 12.6 na injini ikiwaka ikaonyesha kati ya 13.8 na 14.5, iache. Usifungue kitu kizima kwa sababu una nafasi Jumapili.

Chombo cha zamani si ndicho hatari?

Umri peke yake hausemi kitu. MV Victoria imekuwa ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilisimama miaka kadhaa, ikakarabatiwa, na 2020 ikarudi kwenye safari ya Bukoba. Kule Ziwa Tanganyika, meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa wakati wa vita na kuibuliwa ikaendelea kufanya kazi. Meli hizo hupandishwa kwenye chelezo, chuma hupimwa unene, kilicholiwa hukatwa. Nimeona Hiace ya miaka mitatu iliyokufa kwa kukosa oili.

Ajali za MV Bukoba na MV Nyerere zilitokana na matengenezo mabaya?

Naulizwa hili na watu waliopoteza ndugu, kwa hiyo nalijibu kwa uangalifu. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba, ikiwa imebeba watu wengi kupita 430 iliyoruhusiwa. MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, ikitokea Bugolora, kisiwani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228, yaani zaidi ya mara mbili ya wote waliostahili kuwemo. Na injini zake zilikuwa zimefanyiwa matengenezo miezi michache kabla.

Fundi akilitafakari hilo hapati usingizi. Injini zilihudumiwa na bado watu wakafa, kwa sababu uzito ulizidi na chombo kikakosa uthabiti wake. Kwa hiyo kwangu mzigo ni sehemu ya matengenezo. Mstari wa kuzama uliochorwa ubavuni mwa boti ni kipimo kama kilivyo kijiti cha oili. Ukikuta nahodha anaukagua mstari huo kabla ya kufungua kamba, panda. Ukikuta maji yameufunika, shuka, na jaketi okozi livae tangu ufukweni. Kwenye chombo kilichopinduka hakuna muda wa kulitafuta. TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, hukagua vyombo vidogo pia, na cheti chake muulize mwenye boti bila kuona aibu.

Daraja la Kigongo na Busisi limebadilisha chochote kwa magari?

Daraja hilo, linaloitwa J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko imebaki hadithi. Ni neema kubwa, hasa kwa wagonjwa. Ila nimegundua kitu: ile foleni ilikuwa kituo cha ukaguzi bila watu kujua. Dereva alishuka, akazunguka gari, akapiga matairi teke, injini ikapoa. Sasa anapita bila kukanyaga breki hadi Sengerema na mbele zaidi. Kama unapiga ruti hiyo, jiwekee mahali pako pa kusimama dakika kumi. Gusa kila kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono. Kinachounguza kuliko wenzake kina beringi inayokufa au breki inayobana.

Spea feki nitazijuaje?

Kwa macho ni vigumu, wanaiga hadi stika. Nunua duka moja unalolijua, chukua risiti, na andika tarehe na kilomita siku uliyofunga. Kitu kikifa kabla ya wakati una ushahidi wa kurudi nao. Kwa breki, steringi na boljointi usinunue mtumba.

Gari linaendeshwa na deiwaka kila mara. Nifanyeje?

Deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa siku, hana kosa, amepewa gari la leo tu. Lakini gari linalobadilisha mikono mara tatu kwa wiki halina anayeijua sauti yake. Anayeliendesha kila siku husikia mlio mpya siku ya kwanza. Mgeni hudhani ndivyo lilivyo. Weka sharti kwamba hesabu haipokelewi bila mstari kwenye daftari. Na siku dereva anapoandika "breki imeshuka" ukalisimamisha gari, mlipe posho yake ya siku. Ukimkata, umemfundisha kunyamaza. Hilo nimeliona gereji nyingi, na sina namna laini ya kulisema: tajiri anayemwadhibu mtoa taarifa analipa baadaye kwa injini, au kwa watu.

Sina hela kabisa kwa sasa. Kesho asubuhi naanzia wapi?

Daftari la kurasa 96. Kila asubuhi injini ikiwa ya baridi: oili kwenye kijiti, maji ya rejeta, maji ya breki, kidole chini ya mipira, macho chini ya gari kama kuna tone, matairi, taa, breki kwa kuhesabu thelathini. Ni dakika kumi. Ulichoongeza kiandike kwa kipimo, siyo "kidogo". Jioni dereva anaandika sauti au harufu yoyote mpya. Jumapili mnakaa mnasoma wiki nzima, na kitu chochote kilichoandikwa mara mbili kinaingia kwanza kwenye orodha ya kununua. Tenga kiasi kile kile kutoka kwenye hesabu ya kila siku, hata kama ni shilingi 3,000, na kisichanganywe na hela ya nyumbani.

Kalamu ifunge kwa uzi kwenye daftari, na daftari likae kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya kiti cha dereva. Kwenye mtumbwi litundike juu, mbali na maji ya chini na mbali na dumu la petroli.